Risiti nne, na maji hakuna

Hapa Gesima, kaunti ya Nyamira, wananiita Daktari, nami nimeacha kuwasahihisha. Mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea cheti cha afya ya wanyama, nikaajiriwa na serikali mwaka 1981, Nyamira ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii. Daktari mwenyewe alikaa Kisii mjini, na sisi tuliotawanywa milimani tulikuwa miguu yake. Lakini mtu aliyekuona umeingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe wake saa nane za usiku, na ndama akatoka akipumua, hakuulizi cheti chako ni cha ngazi gani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa josho, au dipu kama tunavyosema huku. Mara moja kwa wiki, umande haujakauka, ng'ombe wa vijiji vitatu walikusanyika pale, wakasukumana kwenye kijia chembamba cha mbao, wakarukia dawa mmoja mmoja na kuibukia upande wa pili wakikohoa na kutikisa masikio. Mimi nilisimama juu na daftari. Jina la mwenye mifugo, idadi ya wakubwa, idadi ya ndama, nani hakuleta. Aliyekosa wiki mbili alipata mgeni, kwa maana sheria ya kuogesha ng'ombe, Sura ya 358, ilikuwapo na chifu aliikumbuka.

Nilidhani nahesabu ng'ombe kwa ajili ya kupe. Leo, nikiwa na miaka sitini na minane, naona nilikuwa nafanya jambo jingine pia bila kulijua. Kila ng'ombe wa Gesima alipita mbele ya macho ya mtumishi wa serikali mara moja kwa wiki. Aliyechechemea nilimwona akipanda kutoka majini. Aliyekonda nilimwona. Mwenye kidonda cha kamba shingoni nilimwona, na mwenye ng'ombe alijua kwamba nimemwona, na mara nyingi hilo lilitosha. Wiki iliyofuata kamba ilikuwa imelegezwa, wala hatukuwa tumesemezana neno.

Mwaka 1988 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja madaktari wa mifugo waliohitimu. Miaka ya tisini ilipoanza, masharti ya wakopeshaji wa nje yakiwa yamekaza, upandishaji wa mbegu, matibabu na majosho vikaachiwa watu binafsi na kamati za vijiji. Kamati yetu ilikabidhiwa ufunguo wa dipu pamoja na deni la dawa. Dawa ikanunuliwa mara mbili, ya tatu ikazimuliwa kwa maji mengi, kupe wakaizoea, na kila mwenye uwezo akajinunulia bomba la mgongoni akanyunyizia kwake. Shimo lile sasa limejaa udongo, na mpera umeota kwenye kijia walikopita ng'ombe. Nimekula mapera yake. Ni matamu, na sijafa bado.

Mtu akisikia maneno “ustawi wa mifugo” mawazo humwendea kijana anayemchapa punda barabarani, au mchinjaji mlevi. Anamtafuta mkatili. Mimi katika miaka arobaini na zaidi nimekutana na wakatili wa kweli ambao nikiwahesabu sijui kama nitamaliza vidole vya mikono miwili. Mateso mengi niliyoyaona yalitoka kwa watu wema. Ndiyo maana nataka kukuonyesha kwanza ng'ombe wa jirani yangu, omong'ina mmoja, yaani mama mzee, mjane na mshiriki wa kanisa letu.

Ng'ombe huyo ni wa gredi, mweusi mwenye mabaka meupe, na anakaa katika kibanda ambacho ukilala chali utagusa kuta mbili. Shamba la familia limegawanywa kwa wana, na lililobaki limebeba chai, mahindi, migomba na kaburi la mzee. Hakuna mahali pa kuchunga. Huko nyuma tulihubiri sisi wenyewe, watu wa idara ya mifugo, kwamba ng'ombe asitembee tena. Kuanzia 1980 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilieneza ufugaji wa zizini: mjengee banda, mkatie majani ya nepia, mletee maji, naye atakupa maziwa na samadi. Kwa nchi yenye watu wengi na ardhi finyu lilikuwa wazo la busara. Sensa ya 2019 iliikuta Nyamira na zaidi ya watu laki sita katika eneo lisilofika kilomita elfu moja za mraba; ng'ombe ungewachunga wapi?

Lakini mchoro wa banda tulioufundisha ulikuwa na sakafu ya saruji yenye mteremko, mahali pakavu pa kulala, hori la chakula na birika la maji mbele ya mnyama saa zote. Ng'ombe wa jirani yangu alipata paa na mti wa kufungiwa. Mengine yalihitaji pesa. Mvua za Aprili zikianza anasimama kwenye tope lililofika juu ya kwato, na halali mpaka achoke kabisa, kwa sababu ng'ombe hapendi kulala kwenye maji kama usivyopenda wewe. Anakula nepia iliyobebwa kichwani, na kiangazi anakula mashina ya migomba ambayo ni maji matupu. Ya kunywa anapata ndoo mbili, kwa kuwa chemchemi iko bondeni na magoti ya omong'ina yana umri wa omong'ina. Kwato zake zimerefuka zikapinda kama ndizi.

Nilimwambia, “Omong'ina, hizi kwato lazima tuzipunguze, zinamuumiza.”

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona msomi amepotea. “Daktari, huyu haendi popote. Kwato za nini?”

Nilizipunguza bure siku ya Jumatano, na ilinichukua asubuhi nzima. Tulipomfungua ng'ombe alisimama kwa miguu minne sawasawa, na omong'ina akasema, “Kumbe.” Alimpenda yule ng'ombe. Alimwimbia akimkama. Hakuwa amewahi kuambiwa.

Sasa chukua sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tuliyoirithi kutoka mwisho wa ukoloni. Inataja kumpiga mnyama, kumpiga mateke, kumtwika kupita kiasi, kumtesa, kumtia hofu. Adhabu ya ukatili ni faini isiyozidi shilingi elfu tatu, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Zamani ukiwa na elfu tatu ulikuwa na boma la ng'ombe. Leo ni karibu bei ya gunia moja la chakula cha ng'ombe wa maziwa. Wanaharakati wa Nairobi wanataka faini hiyo ipandishwe, nami siwapingi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na sisi tulipaswa kuona aibu kidogo. Ila niambie: kwa sheria yoyote, ya zamani au mpya, nitamshtaki nani katika kibanda kile? Nimpeleke mahakamani mjane mwenye magoti mabovu?

Nchini Uingereza, mwaka 1964, kamati ya Profesa Brambell iliambiwa ichunguze mifugo inayofungiwa viwandani, baada ya kitabu cha Ruth Harrison kuwashtua watu. Kamati ikaweka kipimo rahisi mno: mnyama aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kiliwekwa kwa ajili ya kuku na nguruwe wa matajiri. Nimekipima kwenye mabanda ya hapa milimani, na mengi hayafaulu hata matatu kati ya matano. Tofauti ni kwamba kule mnyama alibanwa ili mtu azidi kutajirika. Huku amebanwa pamoja na mwenyewe.

Ndiyo maana swali langu ni la serikali kuliko la moyo wa mtu. Ni kazi ya nani kumwona yule ng'ombe?

Jibu limeandikwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Nimeisoma mara nyingi kuliko mwakilishi wadi yeyote ninayemfahamu, na bado inanichekesha. Mifugo imetawanywa humo mahali patatu. Kwanza iko kwenye kilimo: ufugaji, minada, vichinjio vya kaunti, udhibiti wa magonjwa. Pili, huduma za mifugo zimewekwa chini ya afya ya kaunti, katika orodha yenye udhibiti wa wauzaji wa vyakula upande mmoja na makaburi upande wa pili; sijui aliyepanga alikuwa na njaa au na msiba. Kisha kifungu cha sita kinasimama peke yake: udhibiti na ustawi wa wanyama. Maneno yenyewe kabisa, ustawi wa wanyama, ndani ya katiba. Na ukisoma mbele kuona yanajumuisha nini, unakuta mambo mawili: leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama.

Neno “yanajumuisha” haliishii pale, wanasheria wataniunga mkono. Mlango umeachwa wazi. Ila kwa kawaida binadamu hutekeleza kilichotajwa. Na kwa kuwa hata mbwa wengi wa vijijini sijawahi kuwaona na leseni, kifungu cha sita kimekaa humo kama mgeni aliyekaribishwa halafu akasahauliwa sebuleni.

Nilikwenda kwenye kikao kimoja cha maoni ya wananchi juu ya bajeti. Kilikuwa katika ukumbi wa kanisa, soda zipo, wazee wamekaa mbele. Nikainua mkono nikauliza pesa za kifungu cha sita ziko ukurasa gani. Kijana aliyeongoza kikao, nadhifu, mwenye adabu, alipekua karatasi zake muda mrefu. Kisha akasema, “Mzee wetu, hayo ya haki za wanyama ni mambo ya wazungu. Hapa tunaongelea zahanati.” Watu wakapiga makofi kidogo. Simlaumu. Zahanati nazitaka na mimi. Lakini mambo ya wazungu?

Kabla ya mzungu, Wagusii waliweka ng'ombe wao katika ebisarate, kambi za mifugo zilizolindwa na vijana, mbali na mashamba. Vijana wale walikula, walilala na kupigana kando ya ng'ombe. Ni Waingereza waliozivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne iliyopita, baada ya kutupiga 1905 na 1908. Nani basi alikuwa na utaratibu wa kumtunza ng'ombe, na nani aliuvunja?

Au twende kanisani, maana huku Gusii Wasabato ni wengi na mimi ni mmoja wao. Amri ya nne haimpumzishi mtu peke yake. Mnyama wa kufugwa ametajwa humo kwa wazi, pamoja na mtumwa na mgeni. Nimewahi kumwambia mzee wa kanisa kwamba hiyo ni sheria ya kazi ya kale sana inayomtaja punda. Alicheka, lakini Jumamosi iliyofuata alihubiri habari hiyo. Punda wa Msabato hapa hupumzika Jumamosi na wa Mkatoliki Jumapili, na nimemjua punda mmoja, mali ya mume na mke wa madhehebu mawili, aliyepumzika siku zote mbili. Huyo ndiye mnyama mwenye ustawi kuliko wote Nyamira.

Sasa niseme juu ya lori, kwa sababu lori ndilo lililonifanya niandike.

Msimu wa mvua uliopita liliteleza likakwama kwenye mtaro, likiwa na ng'ombe waliotoka upande wa Kilgoris. Walikuwa kumi na wanne, wamesimama wamebanana, na mmoja alikuwa ameanguka chini ya miguu ya wenzake. Nikaitwa. Nikauliza wamepakiwa lini, dereva akasema jana kabla ya jua kuzama. Ilikuwa saa sita mchana. Nikamwambia tuwashushe wapate maji. Akasema hakuna pa kuwashushia, na kweli hapakuwapo. Ng'ombe akiruka kutoka lorini anaweza kuvunjika mguu, na ngazi ya kupakia haikuwapo mahali popote karibu.

Tukiwa tunajadiliana akaja mtoza ushuru kwa bodaboda, akiwa na koti la mvua na kitabu. Dereva akamtolea karatasi alizokuwa nazo. Kulikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo, kimepigwa mhuri. Kulikuwa na risiti ya mnadani. Kulikuwa na risiti mbili za njiani. Kijana akazikagua zote kwa makini, akasema hiyo ya mwisho si ya upande wake, akaandika ya nne. Akapanda bodaboda akaondoka. Hakuwa mkali wala hakuomba chai. Alihesabu ng'ombe kwa kidole kutoka chini, akapata kumi na watatu, kwa kuwa yule wa kumi na nne alikuwa amelala na hakuonekana.

Risiti hizo hazikutoka kwa serikali moja, na sitazitaja. Tulibeba maji kwa mitungi kutoka nyumba za jirani, akina mama na watoto wa shule, tukawanywesha waliofikiwa kupitia mbao. Yule wa chini alikufa kabla ya saa tisa.

Msomaji wa huku anajua kwamba mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati ya mji wa Keroka, na kwamba tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu nani atoze ushuru wapi. Viongozi wamefanya mikutano, wafanyabiashara wamelalamika kutozwa mara mbili. Ni haki yao. Ila katika mvutano wote huo sijasikia upande wowote ukisema: tuachieni sisi, kwa sababu sisi ndio tutakaomnywesha ng'ombe. Kila mwaka sheria ya fedha ya kaunti huja na orodha yake ya ada: ng'ombe kiasi hiki, mbuzi kiasi hiki, hata kuku ana mstari wake. Mnyama anaonekana vizuri sana upande wa mapato. Ukifungua upande wa matumizi, ametoweka.

Kuhusu kichinjio nitasema machache, maana nina mstari mmoja tu wa kuongeza kwenye fomu ya ukaguzi. Nilisomea pia ukaguzi wa nyama, Athi River, na nimewahi kushika nafasi ya mkaguzi aliyeugua, katika soko ambalo si la hapa. Mafahali wanne walifungwa kwenye pete moja, na wa kwanza alichinjwa mbele ya watatu. Walivuta kamba mpaka pua zikatoka damu. Mchinjaji, kama ilivyo karibu kila soko la Kenya ili kila mteja aweze kununua, alikuwa Mwislamu, mzee wa Kinubi kutoka Kisii mjini. Aliweka kisu chake nyuma ya mgongo, akamwambia mwenye bucha kwamba dini yake haimruhusu kumchinja mnyama mwenzake akitazama, wala kunoa kisu mbele yake. Wahamishwe nyuma ya ukuta. Mwenye bucha akasema wateja wanangoja. Mzee akakaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, akakunja mikono. Wakahamishwa.

Sheria ya nchi ilikuwa na wawakilishi wawili pale, mimi na mhuri wangu wa wino wa zambarau, na aliyeitekeleza ni mzee wa kopo la rangi. Nami nilikuwa na fomu. Ilikuwa na mstari wa ini, wa mapafu, wa tezi, wa minyoo ya tegu. Haikuwa na mstari wa jinsi mnyama alivyofikishwa na alivyokufa. Wenye bucha wenyewe hupata hasara hapo: fahali aliyehangaika muda mrefu kabla ya kuchinjwa humaliza nguvu za misuli, nyama yake hutoka nyeusi na kavu na huharibika upesi, na palipogongwa lazima pakatwe patupwe. Nimekata na kutupa kilo nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Serikali kuu nayo imetufundisha kitu, mara mbili, na mara zote mbili kwa kuchelewa. Kwanza ni punda. Vichinjio vya punda viliporuhusiwa, ngozi zikiuzwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, vinne vilifunguliwa nchini, kuanzia Mogotio na Naivasha hadi Turkana na Machakos. Watafiti wa serikali wa KALRO walihesabu zaidi ya punda laki tatu waliochinjwa kati ya 2016 na 2018. Wizi wa punda ukawa biashara ya usiku. Mwaka 2020 Waziri Peter Munya akapiga marufuku; 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaiondoa marufuku hiyo; Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka kumi na mitano. Sensa ya 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Angalia vizuri ni nani alimwokoa punda. Ni wenye punda, akina mama wachota maji na vijana wa mikokoteni, waliopiga kelele kwa sababu riziki yao ilikuwa inachunwa ngozi. Huruma ilifuata nyuma ya riziki, na hakuna aibu katika hilo.

Ya pili ni chanjo. Mwishoni mwa 2024 Rais Ruto alitangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo. Ni magonjwa halisi. Nimemwona ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo, ulimi umechubuka wote, akilitazama jani asiweze kulila. Kwangu chanjo hiyo ilikuwa habari njema. Lakini hapa sokoni ikaitwa chanjo ya kuwazuia ng'ombe wasijambe, eti Bill Gates ameona wanachafua hewa. Watu wazima, wenye shahada, waliniuliza hilo kwa sauti ya chini. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu niliacha, nikaanza kuwahesabu waulizaji, na wote walikuwa na jambo moja: hakuna hata mmoja ambaye boma lake lilikuwa limetembelewa na mtumishi wa serikali kwa ajili ya mnyama tangu dipu ilipofungwa. Jirani aliyekuhama miaka thelathini akirudi ghafla usiku na sindano mkononi, hata kama sindano ni ya dawa, utamuuliza maswali.

Ninachotaka ni kidogo na ni cha bei nafuu, na wengine watasema hakina hadhi ya safu ya gazeti. Nataka fungu la ushuru unaotozwa kwa kichwa cha mnyama lifungwe kisheria libaki sokoni mnyama alipolipia: tanki la maji, kivuli, ngazi ya kupakia na kushushia. Nataka kila wadi iwe na mhudumu mmoja wa afya ya wanyama aliyeajiriwa, mwenye pikipiki, mafuta na daftari, apite nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ng'ombe wa siku hizi hawezi tena kuja kwenye dipu. Vijana waliosomea kazi hii na kusajiliwa na bodi tunao. Baadhi yao wanaendesha bodaboda hapa stendi. Na nataka mstari mmoja kwenye fomu ya kichinjio. Sheria mpya ije, ikiwa na faini ya kuuma. Lakini sheria tumewahi kuwa nazo tele, na tulichopoteza ni mtu wa kusimama juu ya kijia na kutazama.

Kuna wanasiasa watakaojibu kwamba wao tayari wanawajali wafugaji, wamegawa ndama wa gredi na vifaranga. Nimeviona vifaranga hivyo vikishushwa kwenye makasha, kamera ikiwaka. Kifaranga cha siku moja kinahitaji joto usiku wa kwanza. Hakuna aliyegawa makaa.

Mwaka huu nimeandika maoni yangu ya bajeti kwa mkono, ukurasa mmoja, nikayapeleka mwenyewe ofisini kabla ya tarehe ya mwisho. Msichana wa mapokezi aliyasoma yote, jambo ambalo sikulitegemea, akaniambia mjomba wake naye ana ng'ombe mwenye kwato ndefu, akauliza nitakwenda lini. Tukapanga. Kisha akachukua kalamu akauliza ayaweke kwenye faili gani, la kilimo au la afya.

Nikamwambia kifungu cha sita. Akatafuta kabatini, akatoa faili jembamba lenye vumbi. Juu yake palikuwa pameandikwa MBWA. Ndani hamkuwa na kitu. Akaiweka karatasi yangu humo.